SINDANO YA TAKONI: MSHIPA WAKO SI KAMA WA JIRANI

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumba,

Hapa Bunia, na kule Mongbwalu kwenye mashimo, wengi huamini kwamba dawa isiyochomwa si dawa. Mtu akishikwa na homa hukataa vidonge, humwomba muganga kinini ya sindano, kisha hugeuka kutoa tako. Mimi nasema desturi hiyo iachwe. Sikiliza sababu.

Ndani ya tako unapita mshipa wa siatiki, mshipa wa fahamu ulio mkubwa kuliko yote mwilini. Unene wake ni kama kidole. Unatoka kiunoni, unashuka nyuma ya paja, na matawi yake yanafika hadi vidole vya mguu. Bila huo huwezi kunyanyua wayo.

Njia yake si moja kwa watu wote. Ndani ya tako kuna msuli uitwao piriformisi. Kwa watu 8 au 9 katika 10, mshipa hupita mzima chini ya msuli huo. Kwa waliobaki, mara nyingi umekwisha kugawanyika: tawi moja hupenya katikati ya msuli, lingine hupita chini. Mwaka 1937 wataalamu wawili wa Marekani, Beaton na Anson, walipanga aina 6 za njia hizo. Kwa nje hakuna alama. Wewe hujui u wa aina gani, wala muganga hajui.

Basi anayesema "nina mazoea, najua pa kuchoma" anakadiria tu. Sindano ikigusa mshipa, au kinini ikimwagika karibu nao, mguu waweza kufa ganzi na wayo ukaning'inia. Kinini ni dawa kali, huunguza nyama. Watoto na watu waliokonda wamo hatarini zaidi. Jirani zetu wa Uganda wamewatibu watoto wengi waliolemazwa na sindano za takoni. Na mchimbaji anayeburuta mguu, atashukaje ngazi ya shimo?

Tufanye hivi:

1. Pima damu kwanza. Si kila homa ni malaria.

2. Kama unaweza kumeza na hutapiki, meza vidonge, na uvimalize.

3. Malaria ikiwa kali, nenda hospitali. Leo Shirika la Afya Duniani linapendekeza sindano ya artesunati. Ikibidi kinini ichomwe kwenye nyama, ni mbele ya paja, si takoni. Watoto wachanga nao huchanjwa pajani.

4. Ukisikia uchungu kama umeme unaoshuka mguuni, sema palepale, sindano itolewe. Mguu ukilegea, rudi siku hiyohiyo.

Kumwambia muganga "hapana, pajani" si kumdharau. Mimi mwenyewe ni muganga, nami nataka uniambie hivyo.