Anayekwepa Hakimbii

Kuna neno la ukumbini nimelichoka: "anakimbia". Bondia akirudi nusu hatua, anakimbia. Akisogeza kichwa na ngumi ikapita hewani, jukwaa linamzomea kana kwamba ametuibia kiingilio. Na sisi wasomi wa Mwanza tumo. Ndio tunaomrekodi kwa simu aliyeanguka na kukisambaza kipande hicho kabla hajainuka.

Nilipoanza mazoezi, wiki nne nzima nilifundishwa kupiga tu. Kwenye begi nilikuwa simba, maana begi halirudishi. Wiki ya tano nikaingizwa ulingoni na mtu aliyenizidi kilo zisizopungua kumi, na hakuna aliyewahi kuniambia kidevu nikiweke wapi. Nilipouliza kuhusu kujikinga, kocha akajibu, "Ukipigwa utajifunza."

Uongo. Anayepigwa bila kufundishwa hujifunza kufumba macho, kugeuza uso na kuinua kidevu, na yote matatu humwandalia ngumi inayofuata.

Kujikinga nilikuja kufundishwa na mzee mmoja mpakuaji wa samaki kule Mwaloni, Kirumba, aliyepigana enzi za ujana wake. Hakuwa hata na glavu. Alifunga kamba ya mtumbwi kati ya miti miwili, usawa wa bega langu, akaniambia nizame upande huu, niibukie ule, huku nikisonga mbele. Kwa magoti, mjukuu wangu, si kwa kiuno! Ukiinama kwa kiuno unatazama mchanga, na ngumi ya kutoka chini inakukuta hukohuko. Kidevu chini, bega la mbele likifunike. Viwiko viguse mbavu. Ngumi iliyonyooka ipanguse kwa kiganja karibu na uso, usiifuate mbali, maana mkono ukienda kuitafuta umeacha mlango wazi. Ukirudi nyuma, rudi mara moja kisha toka pembeni, kwa sababu anayerudi kwa mstari ulionyooka atafikiwa tu. Macho yabaki kifuani kwake: bega huanza kusema kabla ya ngumi. Ukizidiwa, mkumbatie mpaka mwamuzi awaachanishe. Siku nyingi sikurusha hata ngumi moja. Ilinichosha kuliko begi.

Nani anaushangilia ujuzi huo? Januari 2023 Karim Mandonga alimshinda Daniel Wanyonyi jijini Nairobi, na Afrika Mashariki nzima ikalijua jina la ngumi yake, Sugunyo. Nampenda Mandonga, ananichekesha kama anavyowachekesha wengine. Lakini Julai mwaka uleule alikuja hapa Mwanza akapoteza kwa Mganda Moses Golola, na mpaka leo sijasikia mtu akiupa jina mkwepo.

Tusijidanganye kwamba glavu zinatosha. Glavu hulinda zaidi mifupa ya mkono wa anayepiga. Kofia ya mazoezi huzuia michubuko, haizuii ubongo kuzunguka ndani ya fuvu kidevu kinapopatwa. Desemba 2024 Hassan Mgaya alifariki baada ya pambano jijini Dar es Salaam. Simnyoshei mtu kidole kwa kifo hicho, na hata anayejua kujikinga anaweza kufia ulingoni. Ninachokataa ni kumwingiza humo kijana ambaye hajafundishwa kabisa.

Nitaambiwa watu wanalipa kuona KO. Floyd Mayweather alimaliza mapambano yake 50 ya kulipwa bila kupoteza hata moja, akizomewa kwa kukwepa, na waliomzomea walikuwa wameshalipa. Kwa hiyo makocha waache kisingizio cha soko. Asiyeweza kumaliza raundi tatu akijikinga bila kurusha ngumi, asiruhusiwe kupigana na mtu. Na promota anayemtaka kwa haraka aambiwe asubiri.

Juzi nilikuwa jukwaani na mwanafunzi mwenzangu. Kijana mmoja, mbeba dagaa, alibanwa mgongo kwenye kamba akakwepa ngumi nne mfululizo, miguu ikiwa palepale. Mwenzangu akapiga mluzi: "Anakimbia huyo!" Nikamuuliza anakimbilia wapi, na kamba ziko nyuma yake.