Gari kuukuu si aibu, ni hazina na ni shule

Usiache mbachao kwa msala upitao, walinena wahenga. Methali hii huifundisha walimu wetu kila mwaka, wanafunzi wakaikariri na kuitungia insha nzuri nzuri, kisha wote wakaisahau pindi wanapotoka nje ya lango la shule. Sidhani kuna mahali inaposahaulika zaidi kuliko katika suala la magari. Siku hizi mtu akionekana akiendesha gari lenye umri wa miaka arobaini au zaidi, majirani humwonea huruma, jamaa humpa ushauri ambao hakuuomba, na watoto wa shule humcheka. Mimi ni miongoni mwa wanaoonewa huruma. Familia yangu ya watu saba husafiri kwa Peugeot 504 ya aina ya stesheni wagoni niliyoifufua hatua kwa hatua. Nashika kalamu si kwa kujitetea, bali kueleza kwa nini naamini kuwa gari la namna hiyo halistahili kutupwa, na kwa nini jambo hili linawahusu walimu na wanafunzi kuliko wanavyodhani.

Kwanza, ni vyema tulifahamu gari lenyewe. Stesheni wagoni ni uzao wa Marekani. Mwanzoni mwa karne ya ishirini, mafundi wa huko walichukua magari kama Ford Model T wakayajengea bodi za mbao zenye viti vya safu kadhaa, ili yawachukue abiria na mizigo yao kutoka stesheni za garimoshi hadi hotelini. Jina la gari hilo lilitokana na kazi hiyo. Mnamo 1929 kampuni ya Ford ilianza kuyaunda kwa wingi kiwandani, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia bodi za chuma zilichukua nafasi ya mbao. Kwa miongo kadhaa likawa ndilo gari la baba, mama, watoto na mbwa wao. Huko kwao lilififia magari mengine ya familia yalipoingia sokoni katika miaka ya 1980, na leo Wamarekani wenye mapenzi nalo huyatafuta yaliyosalia na kuyarejeshea uhai kwa gharama kubwa, bila ya kuona haya.

Sisi Wakenya tulilijua gari la umbo hilo hasa kupitia kwa Wafaransa. Peugeot 504 ilizinduliwa 1968, ikatawazwa gari bora la mwaka barani Ulaya 1969, na miaka michache baadaye likaja umbo lake refu, ambalo katika sura yake ya kifamilia lina safu tatu za viti, zote zikitazama mbele. Wazazi wetu waliliita Pijo, na jina hilo halikuhitaji maelezo. Heshima hiyo haikutoka hewani. Katika mbio za Safari Rally, Peugeot 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Nayo 504 ikashinda 1975 na tena 1978. Mwaka wa 1963, na vilevile 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho wa safari, matope na mashimo yakiwa yamekwisha kuyashinda mengine yote. Mwananchi aliyeyaona hayo hakuhitaji tangazo la biashara. Ndiyo maana teksi za masafa marefu, wafanyabiashara na walimu wakuu wengi wa enzi hizo walilichagua gari hili, na ndiyo maana liliendelea kuunganishwa humu nchini miaka mingi baada ya Ulaya kuliacha.

Wanaonishauri huniambia: "Mwalimu, chukua mkopo ununue gari la kisasa kutoka ng'ambo." Ushauri huo una nia njema, lakini tuupime. Sheria zetu haziruhusu kuingizwa kwa gari lililotumika ambalo umri wake umepita miaka minane. Kwa hivyo gari linaloitwa jipya mtaani mara nyingi ni gari ambalo mtu mwingine amekwisha kulitumia kwa miaka sita au saba. Mnunuzi hulilipia kwa mkopo wa chama cha ushirika au wa benki, na mkopo huo hukatwa katika mshahara kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe, karo iwepo isiwepo. Nawajua walimu ambao hati zao za mshahara zimebaki mifupa mitupu kwa sababu ya gari ambalo bado linang'aa. Kukopa si kosa, lakini kukopa kwa ajili ya macho ya majirani ni utumwa wa hiari.

Mimi nilitumia njia nyingine. Gari langu nililipata likiwa limeegeshwa chini ya mwembe, kuku wakitaga kwenye viti vya nyuma, na nikalitengeneza kwa muda wa miaka mitatu kwa kile kilichosalia katika mshahara. Kipengee cha kwanza kilikuwa breki, kwa kuwa gari lisiloweza kusimama halina haki ya kutembea. Kisha ikafuata bodi, kwa sababu kutu ndiyo maradhi yanayoua magari ya aina hii. Injini inaweza kufufuliwa mara nyingi, lakini sakafu iliyooza hulimaliza gari zima. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika bati ukweli wa methali hiyo huonekana kwa macho. Injini ilikuja mwisho. Hapo ndipo nilipostaajabia hekima ya waliolibuni gari hili, kwani mitungi ambamo pistoni hupanda na kushuka inaweza kutolewa na kubadilishwa bila ya kuutupa mwili wa injini. Walilibuni wakijua kuwa siku moja litachakaa na kwamba kutakuwa na mtu wa kulitengeneza. Spea nilizitafuta katika Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambako wengi wangali wanapaita Grogan, na nyingine zilitoka katika magari mengine yaliyokwisha kufa.

Hata hivyo, si bei ya spea iliyonifanya niandike makala haya. Kilichonisukuma ni mzee aliyenitengenezea gari hilo. Fundi huyo husikiliza mlio wa injini kama daktari asikilizavyo kifua cha mgonjwa, akageuza skrubu ya kabureta nusu mzunguko, na injini ikatulia. Hakuyapata hayo katika kitabu. Aliyapata mikononi mwa fundi mwingine miaka mingi iliyopita. Nilipomwuliza ni nani anayemrithi, alinyamaza kwa muda, kisha akanijibu kwamba vijana huja kwake kuuliza njia tu. Hawa ndio watu tuliokuwa tukiwasifu kwa jina la jua kali, hata serikali ikawaandikia sera maalumu mnamo 1992. Siwalaumu vijana, maana magari ya sasa huambiwa na kompyuta yanaumwa wapi, na ujuzi huo nao ni muhimu. Lakini kompyuta humwonyesha kijana sehemu ya kubadilisha. Haimfundishi kuitengeneza sehemu yenyewe. Taifa lenye watu wanaojua kubadilisha tu litaendelea kununua milele.

Hapa ndipo shule inapoingia. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa 1985, tuliahidiwa kwamba mikono ya watoto wetu ingefanya kazi pamoja na vichwa vyao. Wazazi walichanga, karakana zikajengwa, kisha vifaa vikakosekana na nyingi zikageuka maghala ya madawati yaliyovunjika. Sasa mtaala wa umilisi unatoa ahadi iyo hiyo kwa maneno mapya. Nauliza: kwa nini kila taasisi ya ufundi, na kila shule ya upili yenye karakana, isiwe na gari moja kuukuu la kufunguliwa na kufungwa na wanafunzi? Kabureta moja ingemwonyesha mwanafunzi wa fizikia jinsi hewa inayopita kwa kasi inavyopungukiwa na shinikizo na kuyavuta mafuta. Mfumo wa breki ungempa sheria ya Pascal mbele ya macho yake. Kutu ingekuwa somo la kemia ambalo halisahauliki. Mwalimu wa Kiswahili naye asibaki nyuma, kwani mafundi wetu wana msamiati tajiri wa vyuma na kazi zao ambao bado haujaingia katika kamusi zetu ipasavyo. Gari jipya lililofungwa kwa plastiki na nyaya haliwezi kufundisha mambo hayo kwa uwazi kama huo.

Najua kuna pingamizi zenye uzito, na haifai kuzifumbia macho. Gari la kale hunywa mafuta kuliko wenzake wa leo, na moshi wake hauchujwi. Ni kweli kwamba petroli yenye madini ya risasi, sumu iliyodhuru akili za watoto, ilikomeshwa nchini kufikia mwanzo wa 2006; lakini moshi uliobaki si manukato. Jambo zito zaidi ni usalama. Gari langu halina mifuko ya hewa, wala bodi yake haikubuniwa kwa vipimo vya leo. Kwa sababu hiyo nimeweka masharti ambayo hayavunjwi: kila kiti kina mkanda uliofungwa kwenye chuma kilichoimarishwa, asiye na mkanda hasafiri, hatusafiri usiku, na breki hukaguliwa kabla ya kila safari ndefu. Isitoshe, sisemi kila gari kuukuu lifufuliwe. Lile ambalo kutu imekwisha kula mifupa yake lipelekwe kuyeyushwa, na asitokee mtu wa kulipaka rangi na kuliuzia familia nyingine. Kutunza cha kale ni wajibu. Kuwapakia watoto katika jeneza lenye rangi nzuri ni dhambi.

Mwisho, nawageukia wenzangu walimu. Tunapomcheka mtu kwa sababu ya gari lake, mwanafunzi anayetusikia hujifunza kuwa thamani ya mtu ni tarehe ya gari lake, na somo hilo hulishika upesi kuliko hesabu. Tumfundishe badala yake kwamba kitu huheshimiwa kwa kazi kinayoifanya na kwa uangalizi kinaoupata. Nanyi wanafunzi, mkipita karibu na gereji chini ya mti na kumwona mzee ameinamia injini, simameni mumwamkie, mwulizeni anafanya nini, na mkiruhusiwa mshikilieni spana. Ujuzi hauzeeki, lakini mwenye ujuzi huzeeka, na siku atakapokwenda zake hapatakuwa na duka la kuununulia.