Kiti kimoja cha Mbulu

Agosti 30, 1960, Tanganyika ilichagua wabunge 71. TANU, chama kilichopigania uhuru, ilizoa viti 70, na 58 kati ya hivyo haikuvitolea jasho, maana hakuna aliyejitokeza kushindana nayo. Kiti kimoja tu kiliiponyoka, nacho kilikuwa cha Mbulu.

Aliyekitwaa, Herman Elias Sarwatt, hakuwa adui wa uhuru. Alikuwa mwana-TANU. Chama kilimsimamisha Chifu Amri Dodo, wa upande wa Wagorowa wa Babati, ambayo siku hizo ilikuwa ndani ya wilaya ya Mbulu. Sarwatt, Mwiraqw, akaona hapana, akasimama peke yake, na wapiga kura wakampa. Alipofika bungeni alikwenda kukaa na wenzake wa TANU, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Wapo wanaosema ule ulikuwa ukabila mtupu: Wairaqw walikuwa wengi, wakamchagua wa kwao. Hoja hiyo ina uzito, na si vizuri kuikwepa. Lakini haimalizi habari. Waliomkataa mgombea wa chama hawakumchagua mpinga uhuru. Walichagua mwana-TANU mwingine, na uhuru walioungoja ulikuja Desemba 9, 1961, ukawakuta wakiwa Watanganyika kama wengine. Walikuwa wamejibu swali moja tu: nani awe mbunge wetu? Swali la nchi yetu ni ipi hawakuligusa.

Siku hizi maswali hayo mawili yanachanganywa, na kwa makusudi. Utaifa uliorudi kwa kishindo, kuanzia Uingereza iliyopiga kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya mwaka 2016 hadi Marekani ya Donald Trump na India ya Narendra Modi, haudai tu kwamba nchi yetu itangulie. Unadai pia kuamua nani anahesabiwa katika hiyo "yetu". Anayempinga kiongozi anaambiwa amelisaliti taifa. Afrika Mashariki nayo haijanusurika: neno mzalendo, ambalo wazee wa uhuru walilivaa kwa fahari, limegeuka kuwa cheti anachopewa anayekubali na kunyang'anywa anayehoji.

Hanang, wilaya jirani na Mbulu, wanayajua machungu ya jambo hili. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, ekari zipatazo 100,000 za nyanda za Basotu, malisho bora ya wafugaji Wabarbaig, zilichukuliwa kwa mashamba ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada. Sababu iliyotolewa ilikuwa nzuri kabisa: taifa lijitosheleze kwa chakula. Matrekta yakalima hadi makaburi ya wazee. Kijiji cha Mulbadaw kilipokwenda mahakamani kilishinda Mahakama Kuu, kisha kikashindwa Mahakama ya Rufani, na moja ya sababu ni kwamba wanakijiji hawakuwa wamethibitisha kuwa ni wenyeji kwa mujibu wa sheria ya ardhi. Mfugaji wa Hanang akaambiwa athibitishe uenyeji wake ndani ya Hanang! Mkate wa mjini ulikuwa wa taifa. Maziwa yake, inaonekana, yalikuwa ya kwake mwenyewe.

Na mlango alioutumia Sarwatt, ule wa mgombea binafsi? Ulifungwa nchi ilipokuwa ya chama kimoja kisheria mwaka 1965. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, sharti la mgombea kudhaminiwa na chama lilibaki palepale. Mchungaji Christopher Mtikila alipambana nalo mahakamani kwa miaka mingi, hadi Juni 14, 2013, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilipoamua kwamba linakiuka haki za raia. Kutoka Arusha hadi Mbulu ni safari ya saa chache tu kwa basi. Hata hivyo uchaguzi wa 2025 ulifanyika bila mgombea binafsi hata mmoja, na mpiga kura wa Mbulu aliyetaka kurudia walichofanya babu zake hakuwa na pa kuweka alama.