Huduma Imfuate Mwananchi

Husemwa kwamba wananchi wa mitaa ya pembezoni, hapa Nachingwea na Ruangwa kama kwingineko nchini, waliiogopa chanjo ya Uviko-19 kwa ujinga. Sisi hatukubaliani na lawama hiyo. Januari 2021 uongozi wa juu wa nchi ulimwambia mwananchi kuwa chanjo hazifai. Julai mwaka huo huo, shehena ya dozi zaidi ya milioni moja ilipowasili, akahimizwa kuipokea. Aliyesitasita hapo hakuwa mjinga. Alikuwa msikivu.

Tena kuna suala la riziki. Mama anayebangua korosho kwa ujira wa siku akiacha kazi akapange foleni kituoni, jioni jiko haliwaki. Na kupimwa ndiyo usiseme: mwaka 2020, maradhi yalipoingia, sampuli zilisafirishwa hadi Maabara ya Taifa, Dar es Salaam.

Lakini mwaka 2022 matone ya polio yalipitishwa nyumba kwa nyumba. Kumbe inawezekana! Tunataka utaratibu huo utumike kwa kila maradhi yanayozuka, kwa wakubwa pia. Mabalozi wa mashina wanaijua kila nyumba; wauguzi wafuatane nao jioni, watu wakishatoka vibaruani. Na tamko la viongozi liwe moja, toka Dodoma hadi shinani, kabla sindano hazijafika.