Skolashipu ya Utumishi: Shahidi Awe Nani?



Huko Marekani vyama vya watu wa kazi ya habari na mawasiliano vina desturi ya kuwashindanisha wanafunzi wa vyuo kwa ajili ya skolashipu. Hawatazami alama za darasani peke yake, bali hutazama pia jinsi mwanafunzi alivyoitumikia jamii yake. Naona desturi hiyo yatufaa sana sisi watu wa Arua na Koboko, na shule yetu pamoja na wanafunzi wake wa zamani yaweza kuianzisha. Lakini tusipoangalia namna ya kumchagua mshindi, tutaliharibu jambo jema.

Najua mtasema mwamba ngoma huvutia kwake. Ni kweli, mimi ni mtoto wa Koboko, nina umri wa miaka 19, nami natamani kusoma mawasiliano. Lakini skolashipu hii ikianzishwa leo, nitakuwa nimekwisha ondoka hapa kabla mshindi wa kwanza hajapatikana. Nawasemea wadogo zangu wa vidato vya chini.

Hali yao ni hii. Kwa miaka mingi serikali imekuwa ikiwalipia wanafunzi wapatao 4,000 kila mwaka katika vyuo vikuu vyake, na tangu 2005 sehemu kubwa ya nafasi hizo imetengwa kwa masomo ya sayansi. Mkopo wa masomo ulioanza mwaka 2014 nao uliwekwa hasa kwa sayansi na ufundi. Silaumu, maana nchi yahitaji madaktari na wahandisi. Lakini daktari asiyeeleweka atamponya nani? Mtoto wa maskini atakaye kuwa mtu wa habari hana mlango wa kubisha.

Nasi twawahitaji watu hao kuliko wengi. Koboko iko mahali zinapokutana nchi tatu, Uganda, Kongo na Sudani Kusini. Katika soko letu moja utasikia Kikakwa, Kilugbara, Kiswahili, Kinubi na Kiarabu cha Juba. Mwisho wa Juni 2019 mgonjwa wa Ebola aligunduliwa Ariwara, mji wa Kongo ulio karibu na mpaka, ambao watu wa Arua huufikia kwa biashara na kurudi siku ile ile. Siku kama zile dawa peke yake haitoshi; hapana budi neno la kweli litangulie mbele ya uvumi, na lifike kwa lugha anayoijua mama auzaye mihogo. Tena shule zote za Uganda zilipofungwa kwa ajili ya korona, kuanzia Machi 2020, watoto wengi walitegemea masomo ya redioni. Madarasa yote hayakufunguliwa tena mpaka Januari 2022.

Wala tusidhani kazi hii ni ya watu wa Kampala tu. Radio Pacis ya Jimbo Katoliki la Arua ilianza mwaka 2004, na mwaka 2007 BBC iliipa tuzo ya kituo kipya bora cha redio katika Afrika. Kituo hicho husema Kilugbara na lugha nyingine za West Nile.

Sasa nifikie neno langu kubwa. Mashindano mengi ya skolashipu huamuliwa kwa insha. Mwanafunzi huandika kwa Kiingereza kizuri mema aliyoyatenda, waamuzi huketi mezani wakasoma, na mwenye kalamu tamu hushinda. Kwa njia hiyo aliyekwenda kambini mara moja na kamera yake aweza kumshinda aliyekwenda kila Jumamosi mikono mitupu. Tena sisi tulio katika shule ya misheni tumefundishwa kwamba mwenye kutoa asijipigie tarumbeta. Je, si ajabu basi kumwamuru kijana ajipigie tarumbeta kurasa mbili, ndipo tumwite mtumishi?

Wako watakaosema heri utumishi usishindaniwe kabisa, bali uwe amri kwa kila msomi. Amri nayo ina mashaka yake. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu, Dar es Salaam, waliandamana kupinga amri ya kulitumikia taifa baada ya masomo, na Rais Nyerere akawarudisha makwao zaidi ya 300. Madai ya taifa juu ya wasomi wake yalikuwa ya haki, lakini ilionekana kwamba moyo wa kutumikia hauji kwa amri peke yake. Mashindano humwacha kijana aanze kwa hiari yake, nasi twapata kumjua.

Basi nashauri mambo matatu. La kwanza, kazi iwe imedumu mwaka mzima, wala isiwe ya wiki moja kabla ya kufunga maombi. Kijana na awatafsirie wakimbizi wa Lobule matangazo ya zahanati, au awasomee wazee barua zao, au atunge mchezo wa kuigiza juu ya vyandarua na kuuonyesha kijiji kwa kijiji. La pili, waamuzi wasikae Arua wakingoja karatasi. Kutoka Arua mpaka Koboko ni kilometa zipatazo 55 tu. Na waende wakaone.

La tatu ndilo kubwa. Shahidi awe yule aliyetumikiwa, naye aseme kwa lugha yake. Na asiulizwe, “Je, kijana huyu ni mwema?” Kila mtu atajibu ndiyo, maana sisi ni watu wa adabu mbele ya wageni, na soda moja yaweza kununua sifa nyingi. Aulizwe hivi: “Alikuambia nini, nawe ukafanya nini?” Mama akieleza sawasawa jinsi ya kuyasafisha maji ya kunywa, na kwamba tangu siku ile huyachemsha, huyo kijana amefaulu mtihani wa mawasiliano. Mama akijibu kwamba alizungumza vizuri sana ila hakumbuki alichosema, basi tumshukuru kijana, tumpe mkono, na skolashipu apewe mwingine.

Sasa nawageukia ninyi wazee wetu mliosoma katika shule hii. Kama watu 200 tu kati yenu wangetoa shilingi 20,000 kila mmoja kwa mwaka, zingepatikana shilingi 4,000,000. Si mali nyingi, na huenda zisimalize mahitaji yote ya mwanafunzi mmoja chuoni, lakini haba na haba hujaza kibaba. Zaidi ya fedha, wengi wenu mnaishi Arua na Koboko, mnazijua lugha zetu, na mwaweza kuwa waamuzi bila malipo.

Chama cha wanafunzi wa zamani kitakapokutana, naomba jambo hili lisomwe na kujadiliwa. Nanyi wenzangu wa vidato vya chini, msingoje mpaka fedha zipatikane. Likizo ijayo ni ndefu, na huko makwenu wako watu waliobandikiwa matangazo wasiyoweza kuyasoma.

Mwanafunzi wa Kidato cha 6