Mos mos kando ya Mekong: siku saba, kilomita 200, na picha nzuri zinazodanganya

Tangu niweke picha za Thailand hapa, swali ni lile lile: "Kwani hukufika Phuket?" Hapana, sikufika. Wala Pattaya. Nilipanda treni ya usiku kutoka Bangkok hadi Nong Khai, mji ulio mpakani na Laos, nikakodi baiskeli, nikafuata mto Mekong peke yangu hadi Chiang Khan. Ni kama kilomita 200. Mtu wa gari anamaliza hiyo safari kabla ya chakula cha mchana. Mimi nilichukua siku saba. Na maoni yangu ni haya, mkitaka mnicheke: mahali ambapo hujapita mos mos, hujapaona.

Najua wengi wetu tunaona baiskeli kama usafiri wa mtu aliyekosa doo ya boda. Ukiwa na pesa ya tikiti ya ndege, unaendeshaje baiskeli ukifika huko? Lakini hebu fikiria mwendo wenyewe unakupa nini. Barabara namba 211 inakwenda sambamba na mto. Kule wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hivyo ukitoka Nong Khai kuelekea magharibi, Mekong iko kulia kwako karibu njia nzima, na Laos iko ng'ambo. Msimu wa kiangazi maji yakishuka, wanakijiji wanalima kwenye kingo zenyewe: nyanya, mahindi, mboga. Si Chiang Mai, mji mdogo unaotazamana na Vientiane, mji mkuu wa Laos, watu wanaanika chapati nyembamba za unga wa mchele juani kwenye vichanja vya mianzi. Nilisimama kutazama, na hakuna aliyenifukuza.

Tena ukiwa kwa baiskeli, na wewe unaonekana. Gari ni kioo na vumbi tu. Baiskeli ni mtu mwenye jasho, na mtu mwenye jasho anasalimiwa. "Pai nai?" Unaenda wapi? Hiyo ndiyo salamu yao ya barabarani. Ya pili ni kukuuliza kama umekula. Yaani nikahisi niko nyumbani ushago! Shosho mmoja, kule wanasema yai, alikuwa akichoma kuku kando ya barabara. Alinivutia kiti cha plastiki kabla sijaagiza chochote. Nikala kuku, papai bichi lililotwangwa na pilipili kwenye kinu, na ule mchele wao unaonata, ambao unamega kwa vidole na kufinyanga kama ugali. Alipoona nakula kwa kasi, akacheka: "Cha cha." Maana yake ni mos mos. Nikasema hapa nimefika.

Na hiyo doo ya chakula ilibaki kwake. Haikupitia kwa wakala, wala kwa hoteli kubwa. Ukienda kilomita 30 kwa siku, huna budi kununua maji kijijini, kula kijijini na kulala kijijini. Kwa vijiji ambavyo basi la watalii linapita bila kupunguza mwendo, hiyo si kitu kidogo.

Sasa nije kwetu sisi watu wa kontenti. Sangkhom, katikati ya safari, kuna hekalu juu ya mlima, Wat Pha Tak Suea, lenye njia ya kioo inayoning'inia juu ya bonde. Ukisimama pale unaona Mekong yote imejikunja chini yako. Ni pazuri kweli. Lakini niliona watu wakifika, wakipiga picha, na kuondoka bila hata kuketi. Picha yao na yangu ni moja. Tofauti ni kwamba mimi siku iliyofuata nilikuwa chini pale pale kwenye picha, nikizungumza na mvuvi mzee kwa msaada wa simu ya kutafsiri.

Nilimwita lung, ndivyo wanavyomwita mwanamume wa rika la mjomba mkubwa. Nilimwambia mto wenu ni mrembo. Akatikisa kichwa. Akaniambia kwamba zamani walijua mwezi wa maji kupanda na mwezi wa kushuka, na samaki walijua pia. Siku hizi maji yanaweza kupanda na hakuna mvua, kisha yashuke ghafla. Mboga za ukingoni zinasombwa. Nyavu hazijui zingoje wapi.

Hii si hadithi ya mzee mmoja tu. Juu zaidi, ndani ya Laos, kuna bwawa la Xayaburi lililoanza kuuza umeme Oktoba 2019. Ni la megawati 1,285, na karibu umeme wake wote unanunuliwa na Thailand yenyewe. Juu zaidi bado, China ina mabwawa yake kwenye mto huo huo. Wanakijiji wa upande wa Thailand, kutoka mikoa minane, walikuwa wamekwenda mahakamani tangu 2012 kupinga mkataba wa kununua umeme huo. Bwawa likajengwa. Mwisho wa 2019, Mekong, ambayo kwa kawaida ina rangi ya udongo, ikageuka samawati kama bahari. Watu wakapiga picha. Lakini ule usamawati ulikuwa dalili ya ugonjwa: maji yalikuwa machache, na lile tope lenye rutuba halikuwa likija nayo tena. Picha tamu, habari mbaya.

Ndiyo maana nasema mwendo si suala la starehe tu. Mtu wa kasi angeona maji ya samawati na kuandika "paradiso". Ukikaa siku mbili kwenye kijiji kimoja, kuna mtu atakuambia ukweli.

Na Mkenya hana haki ya kushangaa sana. Mto Omo unaleta karibu asilimia 90 ya maji ya Ziwa Turkana, na Ethiopia ilizindua bwawa la Gibe III juu yake mwaka 2016. Mwaka 2022 sisi wenyewe tukaanza kununua umeme wa Ethiopia. Mimi sipingi umeme. Hata hii simu naichaji. Nasema tu kwamba anayewasha taa Bangkok au Nairobi na anayetupa wavu huku chini ni nadra kukutana, na uamuzi mara nyingi unafanywa karibu na taa.

Kuna atakayesema si kila mtu ana siku saba. Ni kweli. Likizo ni fupi na tikiti ni ghali. Lakini ukiwa na siku saba, usizigawe kwa miji mitano. Chukua mto mmoja. Nenda kati ya Novemba na Februari, jua likiwa na huruma. Anza alfajiri, pumzika saa sita, fika kabla ya giza. Ukiwaona watawa wakipita asubuhi na bakuli zao kupokea chakula, shuka kwa baiskeli na uweke simu mfukoni. Ile ni ibada, si studio.

Na kama Thailand ni mbali, mito tunayo. Swali langu kwenu ni moja: ni mto gani hapa kwetu umeupiga picha, na hujawahi kumuuliza anayeishi kando yake unaendeleaje?