Betri kwanza, aisii ya amplifaya baadaye

Mwanafunzi anayeunda redio ndogo au kengele ya mlango bado anapewa mchoro uleule waliochorewa mafundi wa miaka ya 1970: aisii ya LM386 yenye miguu minane, kapasita chache, spika ya omu 8 na betri ya mraba ya volti 9. Mchoro hauna kosa. Kilichobadilika ni betri.

Inayopatikana kirahisi siku hizi ni ya lithiamu, mara nyingi imechomolewa kwenye kompyuta iliyokufa. Ikijaa hufika volti 4.2, kisha hukaa muda mrefu karibu na 3.7. LM386 ya kawaida inadai angalau volti 4, kwa hiyo chaji nyingi bado imo ndani wakati aisii imeshatoka kwenye kiwango ilichopangiwa. Na hata ikipewa ile ya volti 9, ni mlafi: kutoa sauti ya wati 0.1 kwenye omu 8 inameza karibu wati 0.5. Zinazobaki ni joto tu.

Ndiyo maana aisii nyingine ya amplifaya, PAM8403, inastahili nafasi ya kwanza kwenye miradi ya lithiamu. Inafanya kazi kuanzia volti 2.5 hadi 5.5, na kwa kuwa huwasha na kuzima umeme zaidi ya mara 200,000 kwa sekunde badala ya kuubana, hupoteza kidogo sana sauti inapokuwa kubwa. Ila haina msamaha. Betri nne mpya za tochi zikiungwa mfululizo hupita volti 6, na hapo inaweza kuungua. Waya hasi wa spika nao usiguse hasi ya betri, kosa ambalo aliyezoea LM386 hulifanya bila kufikiri.

Zile wati 3 zinazotangazwa kwa kila upande zichukuliwe kwa tahadhari. Hupatikana kwa volti 5, spika ya omu 4, na sauti iliyokwisha kukwaruza. Kwa volti 3.7 hubaki kama nusu.

Hata hivyo, wanaomzika mzee LM386 wana haraka. Akiwa kimya hula miliampia 4 hivi. PAM8403 kwa volti 5 hula karibu 16. Kengele inayolia mara mbili kwa siku itamaliza betri kwa kusubiri, si kwa kulia, isipokuwa fundi autumie ule mguu wa kuizima, ambao vibao vingi vya bei nafuu havikuutoa nje. Kwenye redio ya AM, kule kuwasha na kuzima kunaweza kuingia kwenye mapokezi kama mvumo. Tena LM386 ya miguu mirefu hubadilishwa kwa dakika chache na mtu yeyote mwenye chuma cha kulehemu.

Walimu wa ufundi wangefanya vema kuanzia spika kabla ya kubishania aisii. Spika inayozidi nyingine kwa desibeli 3 inaleta nyongeza ileile ya kuongeza wati maradufu. Na spika iliyoachwa uchi mezani hupoteza besi, kwa sababu mawimbi ya nyuma huzunguka na kuyafuta ya mbele. Ikifungwa kwenye boksi, hata la mbao nyembamba, besi hurudi bila betri kuongezewa mzigo.